Anwani yako ya IP haina kosa, acha kuibadilisha

Nimeisikia tena wiki hii: "Nimeweka IP ya kudumu kwenye Linux, intaneti ikakata, kwa hiyo IP ile ni mbovu." Basi mtu anatoka 192.168.1.50 anahamia .60, kisha .70, na hali ni ileile. Hakuna anwani mbovu! DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani yenyewe, ilikuwa inakupa pia maski (ukubwa wa mtandao wako), lango (njia ya kutokea, yaani ruta) na seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Ukiiacha, vyote hivyo unaviweka mwenyewe.

Pima kwa mpangilio. Kwenye terminal, `ip addr` ionyeshe anwani yako na /24, ndiyo maski. Ukisahau kuiandika, nmcli (amri ya NetworkManager, programu inayosimamia mtandao) itakuwekea /32. `ip route` iwe na mstari wa `default via`, ndilo lango. Pigia `ping` (amri ya kupima kama mashine inajibu) ruta, kisha 1.1.1.1, seva iliyo kwenye intaneti. Zikijibu zote na tovuti bado hazifunguki, anwani ni nzima. Kinachokosekana ni DNS.

Na hapa ndipo ninapokereka. Watu hukimbilia /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva za DNS, wanaandika nameserver, mambo yanakwenda, wanawasha kompyuta upya, maandishi hayapo. Bila shaka hayapo! Kwenye Ubuntu hicho ni kiungo tu cha faili linaloandikwa na systemd-resolved, huduma ya DNS ya mfumo, ndiyo maana ndani mna 127.0.0.53, anwani ya kompyuta yenyewe. Wengine hukifuta kiungo, wakaweka faili lao na kulifunga kwa `chattr +i` ili lisibadilishwe. Tafadhali, usifanye hivyo: siku utakapowasha VPN, haitaweza kuweka DNS yake, nawe utakuwa umeshasahau kufuli uliloliweka.

DNS mpe anayesimamia kadi ya mtandao. Tazama `nmcli device status`. Ikisema unmanaged, msimamizi ni mwingine, pengine systemd-networkd kupitia Netplan, chombo cha Ubuntu cha kusanidi mtandao. Hapo hariri faili la YAML la Netplan na utumie `netplan try`, ambayo hurudisha usanidi wa zamani usipothibitisha ndani ya sekunde 120. Kama ni NetworkManager:

`nmcli con mod "jina" ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.1.50/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns 192.168.1.1`

kisha `nmcli con up "jina"`. Weka namba za mtandao wako, si zangu.

Kubadilisha anwani kunasaidia tu pale mtandao unapokatika na kurudi ovyo: huenda ruta imempa mwingine anwani hiyohiyo. Chagua iliyo nje ya safu ya DHCP.

Na kwa nyumbani, nina shaka kama kazi hii yote inahitajika. Kuitengea MAC (namba ya utambulisho ya kadi yako) anwani kwenye ruta hutosha mara nyingi, ingawa ukibadilisha ruta unaanza upya, na Wi-Fi inayobadilisha MAC kila mara huuvuruga mpango huo. Mimi mwenyewe bado sijaamua ipi ni bora.