Je, wajua kwa nini moto mkali hauivishi maharagi haraka?

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wa kupepea. Maharagi yakikawia tu, napepea mbabula (jiko letu la makala), naongeza makala, sufuria inaanza kurukaruka, kifuniko kinapiga kelele, na mimi moyoni najua chakula kinakimbia. (Ndugu wa Tanzania na Kenya, kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, makala ni mkaa, si kitu cha kusoma, ingawa leo mmepata vyote viwili.) Siku moja mama jirani, anauzaga maharagi yaliyoiva pale kwenye kartie, akasimama akaniangalia akasema: "Papa, ile unapika ni mvuke." Nikacheka. Nikamjibu moto ni moto. Kumbe mama alikuwa na haki kabisa, na mimi nilikuwa nimekosea kwa namna ambayo watu wengi wanakosea, ndiyo maana naomba nikae hapo kidogo.

Maji yakishatokota, joto lake halipandi tena. Mwisho. Uweke makala mbili au uweke gunia zima, maji yatabaki palepale. Pwani, Mombasa au Dar es Salaam, kiwango hicho ni digrii 100. Sisi hapa mji uko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa inakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko pwani, basi yanatokota kwenye digrii 95 hivi. Ndiyo maana mtu akitoka pwani anashangaa maharagi ya Goma kukawia, anafikiri ni aina mbaya, kumbe sufuria yetu inatokota mapema na inapika kwa joto dogo.

Sasa moto unaoongeza unaenda wapi? Fikiria umeweka bidoni ya njano chini ya robine. Inajaa, inajaa, inafika mdomoni. Baada ya hapo fungua robine yote, lete na ya pili, bidoni haiwezi kujaa zaidi, maji yanamwagika chini tu na majirani wanaanza kukutukana. Sufuria inayotokota ndiyo ile bidoni iliyojaa, na kile kinachomwagika ni mvuke. Na kumwaga huko ni ghali, hii ndiyo sehemu iliyonimaliza mimi: kutoa lita moja ya maji kwenye ubaridi wa kawaida hadi itokote kunakula moto kiasi fulani, lakini kuigeuza hiyo lita yote kuwa mvuke kunakula karibu mara 7 ya ule. Mara 7! Kwa hiyo kila ulipoongeza maji kwenye maharagi kwa sababu "yamekauka", ulikuwa unalipia safari saba za makala zilizopita dirishani. Ukifunika sufuria na kupunguza moto hadi maji yacheke kidogo tu, joto ndani ni lilelile.

(Kokoti ya presha ni mchezo mwingine. Ile inaziba mdomo wa bidoni, mvuke unakandamizwa, joto linaweza kupanda karibu na 120. Haivunji sheria, inainua ukingo.)

Kinacholainisha haragi si vurugu ya mapovu. Ndani ya haragi kuna kitu kinachogundisha chembe zake, kama simenti kati ya mawe ya lava kwenye ukuta wa nyumba zetu, na ile simenti inayeyuka polepole kukiwa na maji, joto na muda. Nyanya zikiingia mapema zinaifanya ikaze, kwa hiyo zingoje. Na maharagi yaliyokaa stoo mwaka mzima ni mabishi hata ufanye nini.

Kama kinachotakiwa ni joto na muda, si moto, basi ukiweza kulizuia joto lisitoke, moto unaweza kuzima kabisa na chakula kikaendelea. Watu wa Uingereza walifanya hivyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, sufuria ndani ya sanduku lililojaa nyasi kavu. Hapa kwetu kikapu kikubwa, vipande vya matela (godoro) ya zamani, bulangeti juu, imetosha. Bulangeti halina moto wowote, linazuia tu joto lisitembee. Barafu pia ungeifunga humo ingekawia kuyeyuka.

Lakini tafadhali, angalisho. Maharagi mekundu yana sumu yake ya asili, na joto dogo la kikapu peke yake haliiui. Loweka usiku, mwaga yale maji, halafu yatokote kwa kweli kabla ya kuyafunika. Ushauri wa kawaida ni dakika 10, wengine wanasema 30, ila umeandikwa kwa maji ya digrii 100 na sisi tuko kwenye 95, basi nyumbani kwangu tunaacha saa nzima bila kubishana. Saa mbili asubuhi yanaingia kikapuni, saa saba yanarudi motoni yatokote tena kidogo, yanaliwa. Utaokoa kiasi gani inategemea sufuria, umri wa maharagi na ubishi wa mpishi.

Mbona nahangaika na haya? Sababu mji huu umekaa juu ya ajabu. Ndani ya maji ya chini kabisa ya ziwa Kivu kuna gesi ya methani, upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt unaichoma kutoa umeme tangu 2016, na sisi wengi wetu bado tunapikia miti. Kilo moja ya makala inakula kilo 5 hadi 10 za mti, na sehemu kubwa inatoka upande wa Virunga na Masisi. Mei 2021 lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilikata barabara ya Rutshuru. Januari 2025 vita ikaingia mjini, kura (umeme) na maji vikakatika siku kadhaa. Ukiwa na kikapu siku kama hizo, gunia la makala linavuta siku nyingi zaidi.

Na sufuria kubwa inashinda ndogo. Ukiongeza upana na urefu mara mbili, inabeba mara 8, lakini ngozi ya kutolea joto inaongezeka mara 4 tu. Ndiyo sababu lile sufuria la matanga linachoma ulimi masaa mawili baada ya moto kuzimwa. Kwa hiyo sisi majirani watatu tunapika pamoja Jumanne na Ijumaa, moto mmoja, bulangeti mbili. Tatizo lililobaki ni mama mukwe wangu. Kila baada ya nusu saa anafunua kuangalia kama yanaiva, joto linatoka lote, halafu ananiambia kikapu changu hakifanyi kazi.