Mafuta gani kwenye bwati (giaboksi) ya MG ya zamani? Anza na shaba iliyo ndani

Papa mmoja, mzee wa heshima, aliniletea MGB yake, gari dogo la Kiingereza, hapa Kamalondo mjini Lubumbashi, ya mwaka 1969, usukani upande wa kuume, gari iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa ikitoka Zambia kabla mimi sijazaliwa. Gia ya pili ilikuwa inalia kila akiingiza, hasa asubuhi. Kwenye kiti cha abiria alikuwa ameweka bido mpya ya lita 5 ya mafuta ya gia, imeandikwa 80W-90 GL-5.

“Fundi, nimenunua yale ya bei kubwa,” aliniambia. “Safari hii tusibahatishe.”

“Tutayatumia, Papa. Lakini yataingia kwenye ponti ya nyuma, kwenye difu. Kwenye bwati, hapana.”

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyama aliyonunua ni ya mbwa. Nikamvutia kiti, tukakaa. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, maana swali hili naletewa na karibu kila mwenye gari la Kiingereza la zamani, awe na MG, Triumph au hata Land Rover.

Kwanza niliweka mkononi mwake pete ya sinkro. Ndani ya bwati kila gia yenye sinkro, kifaa cha kulinganisha mwendo, ina pete yake, na katika magari haya pete hiyo ni ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Umbo lake ni kama faneli fupi. Ukipitisha ukucha upande wa ndani utasikia mifereji myembamba, myembamba kuliko ya skrubu ya saa. Kazi yake ni hii: unapovuta kijiti cha gia, pete inasukumwa juu ya koni ya chuma ya gia, ile mifereji inakata utando wa mafuta, shaba inashika chuma, na gia iliyokuwa inazunguka kwa mwendo wake inalazimika kufuata mwendo wa shafti. Mwendo ukilingana, meno yanaingia kimya. Yote hayo kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Kwa hiyo mafuta ya bwati yana kazi mbili zinazovutana. Yateleze kwenye meno ya gia na kwenye rulema (beringi), lakini yaiache pete ikamate. Mafuta yanayoteleza kupita kiasi ni adui wa pete, hata yawe ghali namna gani.

Sasa zile GL-4 na GL-5. Ni alama za Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, na watu wengi wanazisoma kama madarasa ya shule, wa tano amempita wa nne. Sivyo. Zinataja kazi mbili tofauti. GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya gia za haipoidi, zile za ponti ya nyuma, ambazo meno yake hayabonyezani tu bali yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Ili chuma kisikwangue chuma, mafuta hayo yanatiwa dawa ya salfa na fosforasi kwa wingi, kwa kawaida karibu mara mbili ya GL-4. Pakipata moto na shinikizo, dawa hiyo inaungana na chuma na kufanya ngozi nyembamba inayojitoa yenyewe badala ya chuma. Kwenye ponti ni kinga nzuri sana.

Lakini salfa na shaba, mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa sana. Mji huu umejengwa juu ya shaba, mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na kila aliyewahi kuweka msalaba wa shaba ukutani anajua jinsi unavyobadilika rangi. Salfa inaipenda shaba. Wataalamu wa mafuta wana jaribio lao: wanasugua kipande cha shaba hadi king’ae, wanakitumbukiza kwenye mafuta ya moto, baadaye wanalinganisha rangi. Kikitoka cheusi, mafuta hayo yanashambulia. Mimi nilifanya langu kwa uzi wa umeme uliomenywa, ndani ya mkebe juu ya jiko la makala, saa tatu nzima. Uliokuwa kwenye GL-5 niliyoinunua ulitoka na rangi ya kahawa iliyoungua. Uliokuwa kwenye mafuta ya injini ulibaki karibu kama ulivyoingia.

Ni kweli, zipo GL-5 za siku hizi ambazo salfa yake imetulizwa ili isiguse shaba. Lakini bido haisemi hivyo kila mara, na hata ikisema, ule utelezi mwingi bado upo. Kwa bwati ya zamani sioni sababu ya kujaribu bahati.

Naijua hasara hii kwa mikono yangu. Miaka mingi nyuma nilimwaga GL-5 kwenye bwati ya Triumph ya mteja. Nilimwamini muuzaji, na nikaamini tano ni bora kuliko nne. Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Mvua ya pili ilipokwisha, likarudi linalia gia ya pili na ya tatu. Nilipofungua bwati, pete zilikuwa nyeusi, na ile mifereji ilikuwa imelala, imekuwa laini kama kisahani. Nikaibana pete kwenye koni yake kwa kiganja na kuizungusha. Ilizunguka bila kushika kitu. Pete isiyochakaa hukwama, na kati ya meno yake na meno ya gia hubaki mwanya unaopimika kwa majani ya geji. Zile hazikuwa na mwanya hata kidogo. Pete mpya ziliagizwa Uingereza, nikazilipa mimi.

Triumph ile ilitaka nini? Kitabu cha gari kinasema mafuta ya gia 90 ya daraja la GL-4. Basi. Hiyo ndiyo ya kutafuta, na kama duka lina GL-5 peke yake, subiri wiki moja.

MGB ina hadithi yake. Kitabu cha gari la Papa kinataka mafuta ya injini, 20W-50, ndani ya bwati. Nilipomwonyesha ukurasa alidhani wachapaji wamekosea. Hawakukosea. Hata Mini ya mwaka 1959, gari aliyoichora mhandisi Alec Issigonis, bwati yake imekaa ndani ya karta ya injini (bakuli la mafuta la chini) na inaoga mafuta yaleyale, na gari hilo lilitengenezwa miaka arobaini.

Kinachowachanganya watu ni namba. Wanaona 90 na 50, wanadhani ya kwanza ni nzito karibu mara mbili. Hizo ni rula mbili tofauti. Kwenye joto la nyuzi 100, mafuta ya injini ya SAE 50 yanaanzia mnato wa 16.3, na mafuta ya gia ya SAE 90 yanaanzia 13.5 kwa kipimo kilekile. Ni ndugu wa tumbo moja kwa uzito.

Tena gari la Papa lina overdraivu ya Laycock, ile gia ya ziada ya mwendo wa safari, na overdraivu inakunywa mafuta ya bwati. Ndani yake kuna klachi ya koni inayoshika kwa msuguano, na pampu inayotaka mafuta safi. Usitie humo dawa yoyote ya kupunguza msuguano, ile ya vichupa vinavyouzwa kando ya bido za mafuta. Ukiitia, koni itateleza, nawe utaanza kutafuta ugonjwa kwenye waya za umeme ambazo hazina kosa.

Baridi nayo ihesabiwe. Juni na Julai hapa kwetu alfajiri inauma, na mafuta mazito yanaganda kwenye ile mifereji hadi pete ichelewe kuyakata. Gia ikilia dakika tano za kwanza kisha ikanyamaza, usifungue bwati bado. Na kama MGB yako ni ya kabla ya mwisho wa 1967, gia ya kwanza haina sinkro kabisa. Simamisha gari ndipo uingize. Mafuta hayataponya kitu kisichokuwepo.

Kazi yenyewe ni fupi. Endesha gari lipate moto, liweke sawa juu ya vigogo, kisha fungua kizibo cha kujazia kwanza, kile cha ubavuni. Ukianza na cha chini, halafu cha juu kikagoma, utabaki na bwati tupu na gari lisilotembea. Fungua pia bamba la chini la overdraivu, uoshe chujio lake kwa petroli. Ya Papa ilipokea karibu lita 3.4.

Yaliyotoka niliyapokea kwenye beseni jeupe, tukayapeleka juani. Uji wa kijivu kwenye sumaku hauniogopeshi. Ni chuma cha meno, uzee wa kawaida. Ninachokitafuta ni vumbi la dhahabu linaloelea na kukataa kushikwa na sumaku, maana hiyo ndiyo bronzi ya pete. Lilikuwepo, jembamba, likizunguka kama mafuta ya mawese juu ya supu. Papa aliinama akalitazama muda mrefu bila kusema neno.

Bido yake ya GL-5 ikaenda kwenye ponti, mahali pake. Bwati ikapata 20W-50. Aliondoka kwenda Likasi na kurudi, na baada ya wiki tatu tukayamwaga tena, kwenye beseni lilelile, jua lilelile. Vumbi lilikuwa la kuhesabu. Gia ya pili bado inanung’unika kidogo asubuhi, kwa sababu shaba iliyokwisha kuliwa hairudi, lakini pete zake bado zinashika, na mwaka huu hatufungui.