Babu alikuwa baharia wa ziwa? Tafuta chombo kwanza, jina baadaye

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kufungua madaftari ya zamani akiwa na jina moja tu la babu yake. Jina la baharia wa ziwa letu, Ziwa Victoria, huteleza. Kwao aliitwa kwa jina la ukoo, parokiani Petro, na melini karani akamwandika alivyomsikia. Jaribu kubadilisha r na l, na kwa karatasi za Wajerumani kumbuka kuwa Mwanza yenyewe waliiandika Muansa.

Kwa hiyo ukikaa na bibi au shangazi, uliza chombo. Alipiga kafi, alipandisha tanga, au alikuwa kwenye meli ya moshi? Reli ilifika Kisumu 1901, na meli nyingi za ziwani zilikuwa mali ya reli hiyo. Meli ya Usoga iliundwa 1913. Meli ya Victoria ni ya 1961. Jina la meli moja tayari linakupa mwaka ambao babu hawezi kuwa alianza kabla yake. Wakiwa wamelisahau, uliza alirudi na nini: mikungu ya ndizi huelekeza Bukoba, habari za marobota ya pamba huelekeza Nansio, kisiwani Ukerewe, au Musoma.

Hapa ndipo wengi wa Mwanza hupotea: karatasi za babu huenda haziko Tanzania. Hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi na karakana ya meli Kisumu. Baada ya hapo ni Shirika la Reli Tanzania, kisha tangu 1999 kampuni ya meli yenye makao Mwanza. Usiende kwenye ofisi hizo na jina tupu. Nenda na namba ya kazi, chombo na mwaka wa kuacha kazi. Namba hiyo itafute kwanza nyumbani, kwenye karatasi za pensheni zilizofungwa ndani ya sanduku.

Kwa mpiga kafi asiye na mwajiri, tegemeo langu ni daftari la ubatizo. Misheni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, ilianza 1883. Maandishi ni ya Kilatini, Petrus badala ya Petro, lakini soma pembeni mwa ukurasa: sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza ndoa iandikwe pia kwenye daftari alilobatiziwa mtu. Hapo unaweza kukuta parokia ya ng'ambo, kumbe alioa alikokuwa akitia nanga. Omba ruhusa ya paroko, kisha nakili na jina la msimamizi wake wa ubatizo, maana huenda walikuwa chombo kimoja.

Mwisho, mwalo, yaani mahali pa ufukweni vyombo vilipotia nanga. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na miaka ya sabini Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kukusanya watu vijijini, ikahamisha kaya nyingi. Mwalo unaotajwa kwenye karatasi unaweza kuwa chini ya maji, na jina lake limehamia kijiji kingine. Waulize wavuvi wazee ulikuwa wapi kabla ya maji kupanda, ndipo uanze kutafuta ukoo wa jirani zake.