Kozi unganishi au moduli: dhana potofu kuhusu mafunzo ya urubani

Barani Ulaya, anayetaka kuwa rubani wa shirika la ndege huchagua kati ya njia mbili. Katika kozi unganishi, shule moja humpokea akiwa hajawahi kurusha ndege na kumfundisha mfululizo hadi mwisho. Katika njia ya moduli hupanga hatua zake mwenyewe: leseni ya rubani binafsi, kukusanya saa za kuruka, mitihani ya nadharia, leseni ya rubani wa biashara na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje. Kwa kuwa uamuzi huu huweza kumwachia mtu deni la miaka mingi, uvumi unaouzunguka haufai kuachwa upite hivi hivi.

Uvumi mkubwa kuliko wote ni kwamba leseni ya moduli ni ya daraja la pili. Leseni ni ileile. Watahiniwa wa njia zote mbili hufanya mitihani 13 ya nadharia ambayo kila mmoja hudai angalau asilimia 75, hupimwa angani kwa vigezo vilevile, na wote husubiri kufikisha saa 1,500 ndipo wapewe leseni kamili ya rubani wa ndege za abiria. Ni kweli kwamba baadhi ya mashirika hupendelea wahitimu wa kozi unganishi, lakini huo ni upendeleo wa mwajiri, si sheria, na hubadilika kadiri uhitaji wa marubani unavyopanda na kushuka.

Wapo pia wanaodai kwamba mwanafunzi wa moduli huruka kidogo. Kanuni za Ulaya zinasema vingine: kozi unganishi ya urubani wa mashirika hudai jumla ya angalau saa 195, ambazo sehemu yake huweza kufanywa kwenye mitambo ya kuigiza urukaji, ilhali mwanafunzi wa moduli huhitaji saa 200 ili apate leseni ya biashara, 100 kati ya hizo akiwa rubani kiongozi, yaani mwenye kuamua na kuwajibika kwa ndege. Mwenzake wa kozi unganishi hudaiwa saa 70 za uongozi, na baadhi ya hizo huruhusiwa kurushwa mwalimu akiwa kando yake. Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Mwanafunzi aliye peke yake angani, anayeona mawingu yakishuka juu ya vilima vilivyo mbele yake, ndiye anayepaswa kuamua kugeuza ndege wakati mafuta bado yanatosha kumrudisha alikotoka, na hakuna sauti ya mwalimu ya kumsaidia.

Hata hivyo, si sahihi kuamini kwamba njia ya moduli haina muda maalumu. Hapa ndipo wengi huumia. Mitihani yote 13 lazima ikamilike ndani ya miezi 18 tangu mwisho wa mwezi wa mtihani wa kwanza, na baada ya hapo matokeo hutumika kwa miezi 36 tu kwa ajili ya kupata leseni ya biashara na kibali cha vyombo. Anayesimama mwaka mzima kutafuta fedha hurudi mkono ukiwa mzito, hulipia saa za kurudishia ustadi, na unafuu wa gharama aliouhesabu mwanzoni huyeyuka. Kwa asiye na nidhamu ya kujipangia ratiba, ninaona kozi unganishi, ambayo hukamilika kati ya miezi 12 na 36, inamfaa zaidi ingawa kwa kawaida ni ghali.

Lakini ada hiyo kubwa hainunui ajira. Kozi huisha na leseni. Mkataba wa kazi ni jambo jingine, na mafunzo ya aina mahususi ya ndege huja baadaye kwa gharama yake. Kulipa yote mapema pia si salama kama inavyodhaniwa, kwani shule za urubani zimewahi kufilisika na kuwaacha wanafunzi bila fedha wala mafunzo. Lipa kwa awamu inayolingana na saa ulizokwisha kuruka, na kabla ya awamu ya kwanza pata cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa sababu tatizo la macho au moyo likigunduliwa nusu ya kozi, ada iliyokwisha kutumika hairudi.