Vigae vya bafuni vilivyowekwa vibaya: kipi kibomolewe, kipi kirekebishwe

Kabla hujamlipa fundi wa vigae fedha yake ya mwisho, mwaga maji bafuni. Chukua ndoo moja ya lita 20, imwage taratibu kwenye kona iliyo mbali zaidi na tundu la kutolea maji, kisha subiri dakika 15. Maji yote yawe yameondoka, umebaki unyevunyevu tu juu ya vigae. Yakituama, au yakikimbilia mlangoni, sakafu ina kasoro ya mteremko, na kasoro hiyo hairekebishiki kwa kuongeza grauti, yaani ule mchanganyiko wa kujaza nafasi kati ya vigae. Fanya jaribio hili siku 3 au zaidi baada ya grauti kujazwa, ili iwe imeshakauka vya kutosha.

Wenye nyumba wengi hugombana na fundi juu ya kinachoonekana: mstari uliopinda, kipande kilichokatwa vibaya nyuma ya mlango, grauti yenye rangi mbili. Hayo yanaudhi na una haki ya kuyalalamikia, lakini hayaharibu nyumba. Kinachoiharibu ni maji yanayopenya chini ya vigae na kukaa huko. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila kasoro liwe hili: je, inaruhusu maji kupita au kutuama?

Ukaguzi wa saa moja

Unahitaji pima maji, tepu, chaki, sarafu na kadi mbili za benki. Gonga kila kigae kwa sarafu, katikati na kwenye kona zote nne. Kigae kilichoshika hutoa mlio mzito na mfupi. Chenye uwazi chini yake hulia kama debe tupu. Weka alama ya chaki kwa kila kinacholia hivyo, kisha piga picha ya sakafu nzima na ya kila ukuta.

Ukutani, kigae kinacholia wazi katikati tu, kisichocheza na chenye grauti isiyo na ufa, kinaweza kuachwa. Sakafuni mahali pa kuogea hali ni tofauti. Kigae chenye uwazi kwenye kona au ukingoni kitapasuka siku kitakapobeba mguu wa stuli au ndoo iliyojaa, na kabla ya hapo uwazi huo utakuwa umeshajaa maji machafu ya sabuni. Hicho kitolewe.

Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Pale ambapo ukingo wa kigae umepanda juu ya jirani yake, weka kadi moja juu ya kile kilicho chini. Kadi ikilingana na kilichopanda, kazi inakubalika. Zikihitajika kadi mbili nzima, tofauti imezidi milimita 1, ambayo ndiyo hutumika kama kikomo kwa vigae vyenye nafasi nyembamba kati yao. Kwenye ukuta, laza ubao ulionyooka wa mita 2. Uwazi kati ya ubao na vigae usizidi milimita 3.

Mwisho angalia grauti yenyewe. Ukiikwaruza kwa ufunguo ikatoka unga, ilichanganywa kwa maji mengi au ilioshwa mapema mno. Nafasi kati ya vigae zisiwe chini ya milimita 2 ukutani na 3 sakafuni. Vigae vilivyobanana bila nafasi haviwezi kushika grauti, na maji yatapita hapo hata kama macho yanaona pamefungwa.

Kwa nini vigae havishiki

Sababu kubwa ni madonge. Fundi anaweka donge la saruji katikati na manne kwenye kona, anabandika, anagonga kwa nyundo ya mpira, anaendelea. Kazi inakwenda haraka na ukuta usionyooka unafichika, lakini nusu ya mgongo wa kigae inabaki hewani. Mahali penye maji, gundi inatakiwa kugusa asilimia 95 au zaidi ya mgongo wa kigae. Hilo hupatikana kwa mwiko wa meno, mistari yote ikivutwa upande mmoja, na kwa vigae vikubwa kama vya sentimita 60 kwa 60, mgongo nao upakwe gundi nyembamba. Kama bado kazi inaendelea, mwombe fundi abandue kigae kimoja ambacho ndiyo kwanza amekibandika. Utaona mwenyewe kama mgongo umejaa.

Sababu ya pili ni kutumia uji wa saruji tupu, ile niru, kubandika vigae vya poseleni, vile vigumu visivyonywa maji kirahisi. Vigae vya kawaida vya ukutani hunywa maji, na saruji hupata pa kujishika. Poseleni hunywa maji asilimia 0.5 tu au chini ya hapo, hivyo saruji tupu hukauka, husinyaa na kuachia. Poseleni inataka gundi ya vigae ya unga, inayouzwa kwenye mifuko. Tafuta kwenye mfuko alama C2, ya gundi ya saruji iliyoongezwa nguvu ya kushika. Wapo pia wanaosahau kufuta unga mweupe ulio mgongoni mwa kigae, unaotoka kiwandani. Gundi hushika unga huo, na unga haujashika chochote.

Joto nalo lina mchango wake. Gundi iliyotandazwa huanza kufunga utando juu baada ya dakika 20 hivi, na Dar es Salaam mchana wa Februari ni mapema zaidi. Fundi anayetandaza mita mbili za mraba kwa mkupuo anabandika vya mwisho juu ya utando huo. Gundi ikiguswa isipobaki kidoleni, ikwanguliwe. Na iliyoanza kugandamana ndani ya ndoo haiongezwi maji.

Mtihani wa tabaka la kuzuia maji

Grauti ya saruji haizuii maji, wala poseleni iliyopangwa vizuri kiasi gani haitoshi. Kinachozuia ni tabaka la dawa ya kuzuia maji linalopakwa juu ya skridi (tabaka la saruji na mchanga linalosawazisha sakafu) kabla ya vigae: lipakwe mara mbili, mpako wa pili ukikatiza wa kwanza, na utepe wa kitambaa kwenye kona na kuzunguka tundu la maji. Lipande ukutani sentimita 15 pande zote, na kwenye ukuta wa bomba la mvua mita 1.8. Kazi nyingi mbovu hazina tabaka hili kabisa, na ndiyo maana madoa hutokea kwenye dari ya chini, au rangi huchubuka upande wa pili wa ukuta, chini karibu na sakafu.

Dalili nyingine ni chumvi nyeupe inayochomoza kwenye mistari ya grauti na kurudi kila ukiifuta. Maji yanazama, yanayeyusha chumvi iliyo kwenye skridi, yanapanda nayo. Ukanda wa pwani, ambako mchanga wenye chumvi na maji ya kisima yenye chumvi huingia kwenye ujenzi, hali hii huonekana mapema. Usiisafishe kwa asidi. Asidi hula saruji iliyo kwenye grauti na kufungua njia pana zaidi ya maji.

Kupima kama maji yanavuja, ziba tundu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, weka kizuizi mlangoni, jaza maji kina cha sentimita 2.5 na uweke alama. Weka pembeni beseni lenye maji na alama yake. Baada ya saa 24 linganisha: maji ya sakafuni yakiwa yameshuka kuliko ya beseni, hayakukauka, yamepita. Wakati mzuri wa jaribio hili ni kabla ya vigae kuwekwa.

Yanayorekebishika bila kubomoa

Grauti mbovu inaondolewa, haipakwi juu. Safu mpya nyembamba juu ya ile ya zamani hubanduka baada ya muda mfupi. Ikwangue kwa kisu cha grauti hadi theluthi mbili ya unene wa kigae; kwa kigae cha milimita 9 ni milimita 6. Grenda hufanya kazi haraka lakini huchana kingo za vigae, hivyo ishikwe na mkono uliozoea. Toa vumbi, lowesha kidogo, jaza grauti kwa mwiko wa mpira ukivuta mshazari, na usilowanishe kwa saa 24. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 30 vyenye nafasi ya milimita 3, robo kilo inatosha mita moja ya mraba.

Kwenye kona, ukuta unapokutana na sakafu na kuta mbili zinapokutana, isiwekwe grauti. Sehemu hizo hucheza na grauti hupasuka. Weka silikoni ya bafuni inayozuia ukungu, juu ya mahali pakavu kabisa.

Kigae kimoja kibovu hutolewa kwa kukwangua kwanza grauti yote inayokizunguka, ndipo ukivunje kuanzia katikati kwa tindo kwenda nje. Ukianzia ukingoni utapasua jirani. Vaa miwani na barakoa, na zima umeme wa bafu kwenye swichi kuu. Tindo ikitoboa tabaka la kuzuia maji, paka upya na usubiri likauke kabla ya kubandika.

Yanayolazimu kubomoa

Mteremko mbaya, tabaka la kuzuia maji lisilokuwepo, au sehemu kubwa ya sakafu kulia wazi: hapo bomoa hadi skridi. Fundi atapendekeza kubandika vigae vipya juu ya vya zamani. Kataa. Maji yaliyonaswa yatabaki chini na mteremko utakuwa uleule.

Safu ya chini ya vigae vya ukutani lazima itoke pamoja na sakafu. Bila hivyo dawa ya kuzuia maji haiwezi kupanda ukutani, na maji yatapita pembeni. Kwa bafu la mita 1.5 kwa 2 hesabu yake ni hivi: sakafu mita 3 za mraba, safu ya chini yenye kimo cha sentimita 30 karibu mita 2 za mraba, na nyongeza ya asilimia 10 kwa kukata, jumla mita 5.5. Gundi hula karibu kilo 5 kwa mita ya mraba, hivyo mifuko 2 ya kilo 20. Grauti kilo 2. Skridi ya wastani wa sentimita 4 inataka mfuko 1 wa saruji wa kilo 50 na ndoo 7 za lita 20 za mchanga wa mto. Mteremko uwe angalau sentimita 2.5 kwa kila mita 2, kuelekea kwenye tundu kutoka pande zote.

Skridi ifunikwe nailoni na kuwekwa unyevu siku 7, kisha ikauke wiki 2 kabla ya dawa. Wiki hizi ndizo fundi mwenye haraka huziruka.

Namna ya kuzungumza na fundi

Usilete fundi mwingine abomoe kabla wa kwanza hajaona. Ushahidi utaondoka na kifusi. Mwite, rudieni pamoja ndoo ya maji na sarafu, kisha andikeni kasoro, nani ananunua vifaa vya marudio, na tarehe ya kumaliza, wote mtie saini. Uwe mkweli pia: kama ulinunua saruji badala ya gundi uliyoambiwa, au ulikataa gharama ya dawa, sehemu ya hasara ni yako. Asipotokea, mtumie ujumbe wa simu wenye picha na tarehe ya mwisho ya kurudi kazini, na uutunze. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ila bila maandishi na picha ni vigumu kuthibitisha mlikubaliana nini.

Kazi ya marudio ilipwe kwa hatua: sehemu moja skridi ikishapita mtihani wa ndoo, nyingine baada ya saa 24 za maji juu ya dawa, ya tatu vigae vikishagongwa vyote. Asilimia 10 ibaki hadi bafu litumike wiki 2.