Kabla ya kumpa mtoto nyonyo, mtazame anavyonyonya titi

Kila Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, Agosti 1 hadi 7, kina mama wa Mbeya hutuuliza: mtoto analia, nimpe nyonyo, ile chuchu bandia ya kumtuliza? Kama afisa lishe, kwanza nauliza amezaliwa lini.

Wiki nne za mwanzo, usimpe. Maziwa hutengenezwa kadiri mtoto anavyonyonya, na kichanga huhitaji titi mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwamo. Akigeuza kichwa akitafuta, akinyonya vidole, hiyo ndiyo njaa; kilio huja mwisho. Ukimtuliza kwa nyonyo wakati huo, titi halinyonywi, na baada ya siku chache unakuja kusema maziwa hayatoshi. Yatatoshaje? Wala baridi ya milima yetu ya Uporoto haikaushi maziwa. Tumelieleza hili mara ngapi, na bado tunaletewa watoto wa miezi miwili walioanzishwa uji!

Nyonyo si sumu. Njiti aliye wodini hunufaika nayo akisimamiwa na wauguzi, na kwa mtoto aliyekwisha kuzoea titi, kulala na nyonyo kumehusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla usingizini. Ndiyo maana Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji za WHO na UNICEF, zilivyorekebishwa 2018, zinamtaka mhudumu amshauri mama kuhusu matumizi na hatari zake. Ukiitumia, ichemshe, na usimfunge nayo kwa kamba shingoni, kamba hunyonga. Iliyodondoka kwenye shamba la viazi haisafishwi kwa mate ya mama.

Sasa kanuni. Kanuni za Tanzania za 2013 kuhusu uuzaji wa vyakula vya watoto zinakataza kutangaza kwa umma maziwa mbadala, chupa na chuchu zake, na kugawa sampuli kwa kina mama. Muuzaji akikupa bidhaa hizo bure, usitupe boksi. Andika jina la duka, mahali na tarehe, piga picha ya lebo, tunza risiti kama ipo, kisha peleka kwa afisa afya wa kata au ofisi ya kanda ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hapa Mbeya. Mhudumu wa afya anayepokea zawadi za kampuni za bidhaa hizo naye amekiuka.

Kwa mama aliyeajiriwa, sheria ya kazi ya 2004 inampa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ya kazi. Mwambie mwajiri mapema, kwa maandishi.

Wewe unayehisi maziwa yamepungua, njoo kliniki na mtoto na kadi yake. Njoo kabla hujamnyonyesha, tuone anavyoshika titi.