Uzamili wa elimu ya watu wazima ni masomo gani?

Ukimwambia jirani unasomea uzamili wa elimu ya watu wazima, atadhani unaandaliwa kufundisha wazee a-e-i-o-u. Kisomo kimo, ila ni sehemu ndogo. Swali kubwa la fani hii ni jinsi mtu mwenye kazi, familia na misimamo yake tayari anavyojifunza jambo jipya, na kwa nini mara nyingi hajifunzi hata akifundishwa vizuri.

Ndiyo maana darasani utamkuta bwana shamba, muuguzi, ofisa utumishi anayeandaa mafunzo kazini, hata mchungaji. Wote wanafundisha watu wazima, ingawa wengi wao hawajawahi kujiita walimu.

Chukua muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Kila wiki anatoa somo la lishe. Akina mama wanaitikia, wanarudi nyumbani, na uji wa mtoto unabaki uleule mweupe, wa sembe na sukari. Akiingia uzamili, kero hiyo inaweza kuwa tasnifu yake. Anawahoji wale akina mama, na huenda akagundua kwamba mwenye kauli jikoni ni mama mkwe, ambaye hakuna aliyewahi kumwalika kliniki. Anapanga somo upya, mama mkwe akiwemo, anafuatilia kama uji umebadilika, anaandika. Bila kazi ile asingekuwa na cha kuandika.

Nadharia atakazosoma nyingi zimetoka Marekani. Malcolm Knowles alieneza andragojia, yaani mafundisho yanayoanzia kwenye uzoefu na mahitaji ya mwanafunzi mtu mzima. Jack Mezirow aliwachunguza wanawake waliorudi chuoni ukubwani, na mwaka 1978 akaeleza kuwa kujifunza kwa kina ni kubadili namna mtu anavyoyatazama mambo. Baadaye, akiwa Teachers College, chuo cha elimu jijini New York, alianzisha programu ya uzamivu kwa watu walio kazini.

Lakini kwetu vitendo vilishaanza. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vilikaa na redio, vikasikiliza, vikajadili, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa Dar es Salaam asiyeijua kampeni hiyo amerukishwa somo muhimu.

Utaratibu wa masomo hutofautiana: jioni, wikiendi, likizo za shule kwa walimu, au kwa masafa kama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Usidanganywe na ratiba pekee. Mhadhara uleule uliohamishwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni umebadilisha saa ya ukutani tu. Kabla ya kulipa ada, uliza kama kazi zako za darasani zinaweza kuhusu ofisi yako, na msimamizi anapatikana siku gani.

Wengi hukwama kwenye tasnifu: vipindi vimeisha, wenzako wametawanyika, na bosi anataka ripoti. Kibali cha utafiti na barua ya mwajiri ya kukuruhusu kuwahoji wateja au wagonjwa huchukua muda, kwa hiyo anza kuvifuatilia wakati vipindi vya darasani bado vinaendelea.